Vidole Mia Nne Ishirini na Nane

Katika Makambako yote, kuanzia stendi mpaka kule relini, hajazaliwa mtu mwenye bahati kama mimi, Methodi Mwalongo. Nimefika Tunduma, Lusaka na Dar es Salaam, nimekula na wenye mali, nimelala juu ya malori, na sijaona wa kunifikia. Ushahidi umetundikwa kwenye ukuta wa kantini yetu ya kiwandani: kipande cha mkanda wa msumeno, mita moja na nusu, chenye kutu. Jumatatu ya tarehe 20 Februari 2012 nilikuwa nimesimama kwenye msumeno huo. Nikasikia sauti ndani ya damu yangu: "Methodi, toka hapo." Nikatoka, nikamwachia mwenzangu Anold. Chai yangu haijapoa, mkanda ukakatika, ukaruka, ukajichomeka kwenye nguzo ya banda, usawa wa kifua changu kabisa. Anold naye alipona, nadhani kwa sababu alikuwa amesimama kwenye joto la bahati yangu. Kila mgeni aliyefika hapa nimemsimulia, na wengine nimewasimulia mara mbili.

Nimeanza na mimi ili mjue kalamu ya wasifu huu imeshikwa na mtu wa namna gani. Sasa tumtaje mwenye siku.

Bi. Oktavia Mlowe, ambaye wote tunamwita Mama Erica kwa jina la bintiye wa kwanza, amekitumikia Kiwanda cha Mbao Upepo Mwema kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa Machi 1994. Anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, kwa sababu keshokutwa, Jumapili ya Petro na Paulo, anatimiza miaka sitini, na miaka sitini haimwonei mtu haya hata kama bado anabeba ubao wa mbili kwa sita begani akiimba. Baada ya Jumapili inakuja Jumatatu. Hiyo Jumatatu ndiyo inayonifanya niandike mstari mmoja, niinuke, niongeze kuni kwenye pipa la moto, nirudi, nifute nilichoandika.

Wageni waalikwa hamuijui Jumatatu yetu, kwa hiyo nieleze. Kazi hapa huanza saa mbili kamili. Lakini Jumatatu wafanyakazi wote arobaini na watatu tunafika saa moja na nusu na kusimama kuzunguka pipa la moto nje ya banda la msumeno. Mwezi huu wa sita upepo wa Makambako unapita kwenye koti kama koti ni chujio. Tunavua glavu hivyo hivyo. Mama Erica anapita kwa mmoja mmoja, anashika mikono, anaigeuza juu, anaigeuza chini, anahesabu vidole kwa sauti. Kisha anauliza swali lake, lile lile kila wiki: "Umekuja wewe, au umeleta mikono tu?"

Ukijibu kwamba umekuja, unataja kazi moja utakayoimaliza kabla ya saa sita, moja tu, kila mtu akisikia. Kuna mwaka nilitaja tatu ili nionekane. Alinitazama kama mtu anayetazama mbao iliyopinda. "Methodi, baba, hiyo ni hotuba. Nimeuliza kazi." Ukijibu, "Mama, leo nimeleta mikono tu," hakuna anayecheka, hakuna anayekuandika popote. Unakwenda upande wa nyuma kupanga mabanzi, hayo makapi ya magogo, mbali na kitu chochote chenye meno. Saa nne anakuja kukuuliza tena. Mara nyingi ikifika saa nne mtu ameshafika. Ameliacha lile la nyumbani, au walau ameliweka chini. Mshahara haukatwi.

Hesabu yetu huwa vidole mia nne ishirini na nane. Wanaojua hesabu watasema watu arobaini na watatu wana vidole mia nne thelathini. Mimi niliishia darasa la saba na nusu, ile nusu niliisomea dirishani, lakini hata mimi najua kwamba viwili vinakosekana. Hapo ndipo ilipoanzia habari yote.

Mama Erica hakuanza kazi akiwa msimamizi. Alianza akiwa na ufagio. Kiwanda kilikuwa bado Njombe, kule Yakobi, na tusikiite kiwanda: ilikuwa ni dingidong moja, zile mashine za kupasulia magogo zinazosikika kilima cha pili, chini ya paa la bati lisilo na kuta. Mwenye mali alikuwa Mzee Yosefu, Mungu amlaze pema. Oktavia alikuwa binti wa miaka ishirini na nane, ana mtoto mgongoni na kazi yake ni kuzoa unga wa mbao chini ya mashine. Mwaka 1997, Jumatatu moja ya baridi, mpasuaji aitwaye Kasimiri alifika kazini akitokea msibani Bulongwa. Alikuwa amemzika kaka yake Jumamosi, akasafiri Jumapili, hakulala. Oktavia alimwona akivaa buti la kulia mguu wa kushoto. Alimwona na akanyamaza, kwa sababu mfagiaji hamwambii mpasuaji jinsi ya kuvaa.

Saa tatu Kasimiri alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Aliyevikuta kwenye unga wa mbao ni yule mwenye ufagio.

Jumatatu iliyofuata watu walimkuta Oktavia amesimama mbele ya dingidong, ufagio umelazwa kukinga njia. Kila aliyetaka kupita alitakiwa aoneshe mikono. Walicheka, wengine wakamtania kwa Kibena, mmoja akamwuliza kama anataka kuposwa. Mzee Yosefu akatoka kwenye kibanda chake kujua kwa nini mashine haijawaka.

"Nani amekupa kazi hii?" akauliza.

"Ufagio wangu, mzee. Sitaki kufagia tena nilichofagia."

Anayenisimulia habari hii ni Kasimiri mwenyewe, ambaye siku hizi ni mlinzi wetu wa lango, na kila akifika sehemu hii huwa anatazama pembeni kidogo. Anasema Mzee Yosefu alisimama, akavua glavu zake za ngozi, akazitia mfukoni, akanyoosha mikono yote miwili kwa mfagiaji wake. Baada ya hapo nani angekataa?

Tangu siku ile mpaka leo, miaka ishirini na minane, kwenye kazi yenye meno kila upande, hakijapotea kidole kingine. Hicho ndicho cheo chake kikubwa. Vingine navitaja kwa sababu meneja amesema nivitaje. Alitoka ufagio akaenda kupanga mbao, akawa mpimaji. Tulipohamia hapa Makambako mwaka 2003 alikuja na kiwanda, akapata kiwanja Mahongole, akajenga na kupanda maparachichi. Mwaka 2008 akawa mwanamke wa kwanza kusimamia zamu ya msumeno. Waliosema mwanamke hawezi kusikia sauti ya mashine walinyamaza siku alipoamuru msumeno uzimwe akiwa umbali wa mita thelathini, anakunywa uji, eti beringi inalalamika. Ikafunguliwa. Ilikuwa inalalamika kweli.

Nisimfanye malaika. Anapenda kusema "nitakuwa mfupi" kabla ya kusema kwa nusu saa. Ameshawahi kumrudisha dereva wa lori mpaka Njombe mjini kwa sababu ya mbao nne zilizopungua milimita tano. Na chai yake haina sukari, anasema sukari inalaza watu.

Kuna mwaka tulitaka kumpokonya Jumatatu bila kujua. Ilikuwa 2023. Meneja wetu, Bwana Steven, kijana mwema aliyesoma kuliko sisi sote tukiunganishwa, alituletea mwalimu wa motisha kutoka Dar es Salaam. Mwalimu akaja na spika mbili na viatu vilivyochongoka. Akatuambia tufumbe macho, tujione tuko kileleni. Sisi tuko Makambako, kileleni tupo tayari, tunachotafuta ni makoti. Kisha akataka turuke juu tukipaza sauti, "Mimi ni mshindi wa wiki hii." Watu arobaini na watatu wenye gambuti wakaruka. Anold, ambaye hufanya kila kitu kwa moyo wote, aliruka kuliko wote, akatua vibaya, mshindi wa wiki akashinda kitandani siku mbili na mgongo.

Tulipomaliza kuruka Mama Erica akamsogelea yule mwalimu. "Baba, nipe mikono." Akampa, akidhani anapongezwa. Mama akaigeuza juu, akaigeuza chini. Ilikuwa ya baridi. "Umekuja wewe, au umeleta mikono tu?" Spika zilikuwa bado zimewashwa, tukasikia wote. Kijana wa watu akasema mtoto wake amelazwa tangu Jumamosi, na kila akifumba macho haoni kilele chochote, anaona kile kitanda. Mama akamkalisha kando ya pipa, akampa viazi vya kuchemsha na ile chai yake isiyo na sukari, akampa simu yake apige nyumbani kwa sababu ya kwake ilikwisha chaji. Saa nne tulimwona anapanga mabanzi pamoja na Lidia wa stoo, suti na vyote, anacheka. Mtoto alipona. Kila Krismasi anamtumia Mama salamu.

Nimeandika habari hiyo kwa sababu ndani yake kuna kila kitu ninachojua kuhusu kuanza wiki. Tulidhani Jumatatu inataka kelele ili usingizi utoke. Mama Erica anaamini inataka mtu aseme ukweli kidogo, mapema, mbele ya moto, halafu ashike kazi moja. Mtu akishasema, "Jana nimegombana na mke wangu," ugomvi wenyewe unabaki pale kwenye pipa, hauingii naye kwenye msumeno.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimeshainuka tena, nimerudi.

Mwezi Machi ofisi ilileta mashine ya kusaini kwa kidole. Unabandika kidole, inaandika saa uliyofika. Jumatatu ya kwanza ilikataa watu kumi na tisa. Sisi tumeshika paina miaka mingi, utomvu na magamba vimetusugua vidole mpaka vimekuwa laini kama kijiko. Mashine ikabaki kusema, "Jaribu tena, jaribu tena," mpaka Kasimiri akaiambia, "Hata mimi mwenye nane ningependa kujaribu tena." Fundi alikuja, ikatengemaa. Ndipo Bwana Steven akasema kwamba Mama akistaafu, mashine itatosha, na ile nusu saa ya Jumatatu tutapasulia magogo.

Mama Erica aliulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa. Tulikuwa tumepanga kabati la paina, milango mitatu. Akasema kabati analo. Anataka hesabu ya vidole iendelee.

"Mama, dunia imebadilika," Bwana Steven akamwambia, kwa heshima kabisa.

"Imebadilika, mwanangu. Lakini msumeno haujajua."

Bwana Steven alikwenda akarudi mara mbili ofisini kwake. Mwisho akatoa Jumatatu tatu za majaribio. Akipatikana mtu wa kuifanya kazi hiyo na watu wakamjibu ukweli, itaendelea. Watu wakianza kumjibu ilimradi, basi, mashine inatosha. Sote tukageuka kumtazama Anold, mtu mtulivu, mzee wa kanisa, hajawahi kuchelewa. Mama Erica akanyoosha kidole kwangu.

Nilicheka peke yangu. Nilimfuata baadaye kwenye mbao zinazokauka, nikamwuliza kama upepo umemwingia kichwani.

"Kwa nini mimi, Mama? Anold yupo."

"Anold hajui kudanganya. Mtu akimwambia yuko sawa, atamwamini na kumpeleka kwenye msumeno. Wewe ukidanganywa utajua."

"Hiyo ni sifa au tusi?"

"Ni kazi, baba. Na wasifu wangu utaandika wewe. Ila unaijua kanuni, anayehesabu ndiye anayeanza."

Kanuni hiyo nilikuwa sijaieleza. Kila Jumatatu, kabla hajagusa mkono wa mtu, Mama Erica humpa Kasimiri mikono yake mwenyewe. Kasimiri, na vile vidole vyake vinane, anahesabu kumi vya Mama, kisha anamwuliza lile swali, na Mama anajibu mbele yetu. Jumatatu iliyofuata msiba wa mumewe, mwaka 2017, alisema, "Nimeleta mikono tu," akakabidhi zamu kwa Anold, akaenda kupanga mabanzi mpaka saa nne huku analia, na hakuna aliyemfuata kwa sababu tulijua anafika. Watu wanamwambia ukweli kwa kuwa wameuona kwake kwanza. Ndiyo maana mashine haiwezi. Na ndiyo maana tangu wiki iliyopita nakunywa chai bila kujua nimekunywa.

Maana Jumatatu hii, saa moja na nusu, Kasimiri atashika mikono yangu mimi. Wenzangu arobaini watakuwa wananitazama, na Bwana Steven atakuwa dirishani. Wakiona naanza na porojo, nao watanipa porojo, na siku moja mtu atasema yuko mzima akiwa hayuko, nami nitampitisha.

Mama Erica, kwa niaba ya Upepo Mwema yote, ya Yakobi na ya Makambako, asante. Asante kwa kutushika mikono wakati wengine walitaka tu tuioneshe inafanya kazi. Asante kwa kila mtu uliyemtuma kwenye mabanzi akanuna, na leo ana mikono miwili ya kukupigia makofi. Tunakuombea maparachichi yazae mpaka matawi yainame, mjukuu akukimbilie kila jioni, na Jumatatu zako zote zikukute umelala, jua limeshapanda, hakuna wa kukuuliza kama umefika. Jumatatu hii hesabu yetu itakuwa mia nne kumi na nane. Kumi vimekwenda Mahongole, vyote vizima.

Naanza sasa kazi yangu, maana sitaki kusubiri mpaka Jumatatu nikaogopa.

Ile bahati niliyojisifia hapo juu ni uongo. Jumatatu ile ya 2012 ilikuwa siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu, na Jumapili yake nilikunywa ulanzi wa kunitosha Kwaresima nzima. Mama Erica aliponishika mikono na kuniuliza, nilimjibu kwa kifua, "Nimekuja mimi, Mama, mzima mzima." Alinitazama, akaniacha nipite hatua tatu. Nilikuwa nimeshaushika msumeno aliponijia kwa nyuma na kusema polepole, asiniaibishe, "Methodi, toka hapo. Nenda kwenye mabanzi." Akamweka Anold. Anold alikuwa amekuja yeye, na masikio yake yote mawili. Aliisikia sauti ya mkanda ilipobadilika, akauzima, akainama. Mimi nisingesikia. Nilikuwa nimeegemea gogo, natapika.

Miaka kumi na mitatu wamenisikia wote wawili, Mama na Anold, nikiwasimulia wageni, na hawakunisahihisha hata siku moja. Anold, nisamehe. Haikuwa damu yangu iliyosema toka hapo. Ilikuwa sauti ya Mama Erica, na bahati sijawahi kuwa nayo.